Ng'ombe bila mchungaji: miaka yangu minne na mbwa mwitu wa Montana

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Nikisema mbwa mwitu wengi wetu tunamuona yule mwenye madoadoa na masikio ya duara, anayewinda na wenzake mbugani. Huyo siye. Ninayemsema hapa ni wa nchi za baridi, wa kijivu, ana manyoya mazito, dume kubwa linaweza kufika kilo 50, na nyayo yake kwenye tope ukiweka kiganja juu yake inakaribia kukijaa. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja na mimi sina lingine, kwa hiyo nitamwita hivyohivyo.

Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi kwenye ranchi moja magharibi mwa Montana, Marekani. Jina la ranchi naliacha, mwenyewe hapendi kuandikwa. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, ana ng'ombe jike kama 280 na ndama wao, na kila Juni tunawapandisha milimani kwenye malisho ya msitu wa serikali ambayo analipia kibali, wanakaa huko mpaka Oktoba ndo tunawashusha. Ndugu na marafiki wananiuliza sana, hao mbwa mwitu wanakula ng'ombe kweli? Na serikali inaangalia tu? Si wawamalize? Nimejibu kwa vois noti mpaka nimechoka, nikaona bora niandike yote mahali pamoja, na itakuwa ndefu manake hili jambo kila ukilishika upande mmoja linakuponyoka upande wa pili.

Siku ya kwanza tunapandisha ng'ombe nilimuuliza mzee swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa. Nikamwambia mzee, tukishawafikisha juu, nani anabaki kuwachunga? Akanitazama. Akasema hakuna anayebaki, tunarudi nyumbani, kila baada ya siku nne tano mtu anapanda kuangalia chumvi na maji na uzio. Nikadhani nimemsikia vibaya. Ng'ombe 280 na ndama, kwenye mlima wenye dubu na mbwa mwitu, usiku, peke yao, miezi minne! Mtoto mdogo kwenye jamii ya wafugaji ukimwambia hivyo atakuuliza kama una akili timamu.

Sasa baadaye ndo nikaja kuelewa, na ukielewa hili umeelewa nusu ya ugomvi wote. Kufuga na kuchunga kwetu ni maneno mawili, lakini mfugaji asiye na mchungaji hatumfikirii hata. Kule yalitengana zamani. Serikali na wafugaji walishirikiana kumuangamiza mbwa mwitu kwa sumu, mitego, bunduki, na zawadi ya pesa kwa kila ngozi, na kufika miaka ya 1930 sehemu hizi za magharibi alikuwa ameisha. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone wa mwisho waliuawa 1926. Kwa hiyo vizazi vitatu vya wafugaji vimekua bila kuwa na sababu ya kulala na ng'ombe. Waya ukawekwa, vibarua wakapungua, pikapu zikaja, mtu mmoja na mtoto wake wakaweza kuendesha ranchi ambayo babu yake aliiendesha na watu kumi. Yaani biashara nzima imejengwa juu ya kutokuwepo kwa huyu mnyama.

Halafu akarudi. Kwanza alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka Canada, na 1986 mbwa mwitu wakazaa ndani ya hifadhi ya Glacier, huku huku Montana. Kisha 1995 na 1996 serikali kuu ikawakamata wengine Canada ikawaleta, 31 wakaachiliwa Yellowstone na 35 katikati ya jimbo la Idaho. Wakaongezeka haraka kuliko wengi walivyodhani. 2011 Bunge la Marekani likawaondoa wa Montana na Idaho kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria ya shirikisho, wakawa chini ya jimbo, wanawindwa kwa leseni kwa msimu, na mwenye mifugo akimkuta mbwa mwitu anashambulia mnyama wake ana haki ya kumpiga risasi. Saa hizi Montana inakadiriwa kuwa na mbwa mwitu kama 1,100. Kwa hiyo wale wanaodhani huku mnyama kakumbatiwa na mfugaji kafungwa mikono, kwa Montana sivyo. Majimbo mengine hali ni tofauti, nitafika huko.

Nirudi kwenye kiangazi changu cha kwanza, manake ndo kilichonifunza.

Julai ng'ombe mmoja alikufa juu kule, alikula mmea wa sumu unaoota mabonde yenye unyevu, ni jambo la kila mwaka, hakuna mnyama aliyemgusa. Tukamuacha pale pale. Palikuwa mbali na barabara, kilo zaidi ya 500, nani amburute. Mimi mwenyewe nilipita karibu naye mara mbili nikaona tai na koyoti, mnyama wa huku anayefanana na bweha, nikapita. Baada ya kama siku kumi nikaona kinyesi kikubwa chenye manyoya njiani na nyayo za mbwa mwitu wanne au watano zikielekea kule kwenye mzoga. Sikusema kitu kwa uzito wowote. Wiki ya pili ya Agosti nikamuona ng'ombe jike amesimama peke yake kwenye kona ya uzio analia, kiwele kimejaa mpaka chuchu zimetanuka, hajanyonywa siku nzima au zaidi. Aliyewahi kukaa na ng'ombe anajua hiyo maana yake nini. Nilizunguka kutafuta mpaka jua linazama, nikamkuta ndama wake kwenye vichaka chini ya mteremko. Miguu ya nyuma imeliwa, tumbo limefunguliwa, kichwa na mabega vipo vizima kama amelala.

Mzee alikuja, akavua kofia, hakusema neno muda mrefu. Watu wa mjini wanadhani mfugaji analilia pesa. Pesa ipo, siwezi kukataa, ndama ni mshahara wake wa mwaka. Lakini yule ndama alimzalisha yeye usiku wa Machi kwenye theluji, alimvuta kwa kamba, akamfuta na gunia mpaka akapumua. Hicho kitu hakipo kwenye fomu yoyote ya fidia.

Tukafunika mzoga kwa turubai tukapiga simu. Hapo ndo nilijifunza kazi ambayo sikujua ipo, uchunguzi wa kifo cha ndama. Mtaalamu alifika asubuhi, akaanza na ardhi kabla hajamgusa mnyama: majani yaliyovunjika, alama za kwato za kukimbia, damu imeanzia wapi, nyayo za nani. Halafu akanyoa manyoya akachuna ngozi polepole kutoka nyuma kwenda mbele, na akaniita nione upande wa ndani. Pale ambapo mnyama aling'atwa akiwa hai damu imevilia chini ya ngozi, nyama imekuwa nyeusi kama jeraha la kupigwa. Pale alipong'atwa baada ya kufa hakuna kitu, tundu tu kwenye ngozi safi. Hiyo ndo tofauti ya kuuawa na kuliwa tu, na ni muhimu sana, manake mbwa mwitu anakula mizoga ambayo hakuiua na watu wengi wakimkuta kwenye mzoga wanahitimisha papo hapo. Kisha akapima umbali kati ya matundu ya meno chonge, ya mbwa mwitu yanaachana zaidi ya koyoti, na akaangalia mahali. Mbwa mwitu anapenda mapaja, ubavu, nyuma ya kiwiko. Koyoti kwa mnyama mdogo anakwenda kooni. Puma, paka mkubwa wa milima ya huku, anauma shingo halafu anaficha mzoga kwa majani na udongo. Dubu anapiga kwa juu, mgongoni na mabegani, na kucha zake zinaonekana. Yule wa kwetu alikuwa mbwa mwitu, akathibitisha, akajaza fomu.

Montana ina bodi maalum ya kulipa hasara za mifugo, ilianzishwa 2007, inalipa bei ya soko kwa mnyama aliyethibitishwa na hata yule ambaye dalili zinaonyesha kwa kiasi kikubwa ni mbwa mwitu ingawa ushahidi hautoshi. Kabla yake kulikuwa na mfuko wa shirika la uhifadhi liitwalo Defenders of Wildlife uliolipa wafugaji tangu 1987. Kwa hiyo mzee alilipwa yule ndama. Alilipwa na wa pili tuliyempata mwisho wa Agosti. Lakini Oktoba tulipowashusha tukahesabu, ndama 11 hawapo. Kwa mwaka wa kawaida anakosa wanne, tuseme watano, kwa magonjwa, sumu, kuanguka korongoni. Waliobaki walienda wapi? Hakuna mzoga, na bila mzoga hakuna fomu.

Hili lilichunguzwa. Watafiti waliwafunga ndama redio ndogo masikioni huko Idaho karibu na Salmon, wakachapisha 2003, na walikadiria kwamba kwa kila ndama mmoja anayepatikana na kuthibitishwa wanaweza kuwa wamekufa mpaka wanane kwenye maeneo kama yale, yenye msitu mzito na miinuko. Ndama mdogo analiwa karibu wote, kinachobaki kinamaliziwa na dubu na kunguru kwa siku mbili. Ndo maana Wyoming kwenye sehemu fulani wanazidisha, ndama mmoja aliyethibitishwa wanaweza kulipia mpaka saba kama kweli wamekosekana. Na kuna hasara ambayo haina mzoga kabisa. Chuo kikuu cha Montana walipima uzito wa ndama wa ranchi za magharibi mwa jimbo wakatoa matokeo 2014: ranchi ambayo mbwa mwitu wameshaua mnyama, ndama wake waliobaki wanauzwa wakiwa wepesi kwa kama kilo 10 kila mmoja, hasara ya dola 6,679 kwa ranchi ya wastani. Ng'ombe hawalali, wanakimbizwa, wanakaa wamebanana kwenye uzio badala ya kula. Ila kwenye utafiti huohuo, ranchi ambazo mbwa mwitu wanapita tu lakini hawajaua hazikuonyesha upungufu wowote. Hiyo sehemu ya pili haisemwi sana kwenye mikutano, na mimi naona ina maana kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu inasema kundi lisilojifunza kula ng'ombe unaweza kuishi nalo.

Nikisema hivi simaanishi mbwa mwitu ndo wanaomaliza ng'ombe wa Montana. Jimbo lina ng'ombe zaidi ya milioni 2, na wanaothibitishwa kuuawa na mbwa mwitu kwa mwaka ni wachache sana ukilinganisha na wanaokufa kwa vichomi, uzazi na dhoruba. Tatizo ni kwamba hiyo hasara haigawanywi sawasawa. Ranchi 50 hazijawahi kuona hata nyayo, halafu ya 51 iko mdomoni mwa bonde ambalo kundi limezaa, inapigwa kila mwaka. Ukimwambia huyo takwimu za jimbo unamtukana.

Sasa kuhusu kuua. Baada ya ndama wa pili serikali ilitoa kibali na mbwa mwitu wawili wakapigwa. Niliwaona. Mmoja alikuwa jike wa mwaka mmoja hivi, meno meupe kabisa. Nilidhani nitafurahi na sikufurahi, na mzee naye hakufurahi, alisema tu haya, tuone. Wiki tatu baadaye walirudi waliobaki.

Utafiti mmoja wa 2015 uliangalia miaka mingi ya mashambulizi Montana, Idaho na Wyoming, na swali lilikuwa rahisi: baada ya shambulio inachukua siku ngapi mpaka lingine? Wasipouliwa wowote, katikati ilikuwa siku 19, yaani nusu ya mashambulizi yalirudi kabla ya hapo na nusu baada yake. Wakiuliwa baadhi ya kundi siku 64. Likiondolewa kundi zima siku 730. Miaka miwili basi, hata ukimaliza kundi lote. Bonde ni zuri, lina maji na elki, wale kulungu wakubwa ndo chakula chao hasa, na nafasi ikiachwa wazi vijana wa kundi jingine wanaijaza. Kuna utafiti mwingine wa 2014 uliosema kuua kunaongeza vifo vya mifugo mwaka unaofuata, kisha wengine wakazichambua tena takwimu zilezile wakapata jibu la kinyume, kwa hiyo ukikutana na mtu anayekwambia kwa uhakika kwamba kuua kunazidisha au kuua kunamaliza, muulize maswali zaidi. Mimi msimamo wangu ni huu. Kundi ambalo limeshageuza ng'ombe kuwa chakula chake na umejaribu kila kitu, liondolewe, haraka, na watu wanaojua kazi. Kumvuta vuta kwa kuua mmoja hapa mmoja kule kila Agosti ni kumtesa mnyama na kumdanganya mfugaji. Na kuua kabla hujafanya lolote la kuzuia, kisha kila baada ya miaka miwili unarudia, kwangu huo si usimamizi.

Basi kuzuia ni nini. Kuna vitu vingi na kila kimoja kina mahali pake, hapo ndo watu wanakosea, wanachukua dawa ya zizi wanaipeleka mlimani.

Kuna kamba yenye vitambaa vyekundu vinavyoning'inia, wanaiita fladri. Ni ya kale, wawindaji wa Ulaya Mashariki waliitumia kuwaswaga mbwa mwitu kuelekea kwenye bunduki, manake huyu mnyama anaogopa kupita chini ya kitu kinachopepea asichokielewa. Ikizungushiwa malisho madogo inafanya kazi, lakini anazoea, majaribio yalionyesha kama siku 60. Ukiweka waya wa umeme ndani yake anayejaribu kuigusa kwa pua anapata fundisho na inadumu zaidi. Sisi tunaitumia kuanzia Februari mpaka Aprili kwenye uwanja wa kuzalishia karibu na nyumba, na kwa miaka mitatu hatujapoteza ndama hata mmoja pale ndani. Mlimani kwenye maelfu ya ekari, sahau.

Kuna mbwa walinzi, wale wakubwa weupe wa milima ya Ulaya na wa Uturuki. Kwa kondoo ni wazuri sana kwa sababu kondoo wanakaa pamoja. Ng'ombe wanatawanyika, mbwa hajui amlinde nani, na mbwa wawili dhidi ya kundi la mbwa mwitu sita wakati wa watoto wanauawa. Nimeshazika mmoja. Sitaki kulielezea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kondoo, uko Idaho kwenye bonde la Wood River. Kule kila kiangazi wanapita kondoo kwa maelfu na maelfu, katikati kabisa ya makundi ya mbwa mwitu, na tangu 2008 wafugaji, kaunti, idara za serikali na watu wa uhifadhi wakakubaliana kujaribu kwa pamoja: wachungaji wanalala na kundi, mbwa walinzi wengi kidogo, fladri kwenye zizi la usiku, taa, honi, na watu wanaofuatilia mbwa mwitu wako wapi ili kondoo wasipelekwe mlangoni mwa pango. Kwa miaka saba iliyochunguzwa kondoo waliouawa kwenye eneo lile walikuwa pungufu mara tatu na nusu kuliko eneo jirani lisilolindwa hivyo. Ukisoma orodha ile ya vifaa unaweza ukadhani ni teknolojia. Hapana. Ni kwamba kondoo wa Marekani bado wana mchungaji, wengi wao wanatoka Peru, wanalala kwenye kigari mlimani. Kuna mtu. Vifaa vyote vile vinahitaji mtu wa kuvihamisha jioni.

Kwa hiyo kiangazi cha pili nilimuomba mzee nibaki juu. Nilimwambia nipe farasi wawili, hema na redio, na kama tutapoteza ndama kama mwaka jana usinipe kazi tena. Alikubali kwa shingo upande, alisema baba yake angecheka. Huku wanayo kazi hiyo sasa, mtu anayezunguka na farasi kati ya ng'ombe, ipo bonde la Tom Miner karibu na Yellowstone na ipo bonde la Blackfoot, lakini wengi wanaielezea kama doria, kama askari. Mimi nilikwenda kuchunga.

Naamka saa tisa na nusu usiku, manake alfajiri na magharibi ndo muda wao. Nawazungukia ng'ombe polepole, sikimbizi, nataka wanione na wanizoee. Kazi kubwa ni kuwafundisha kukaa pamoja. Mbwa mwitu anajaribu kwanza, anasogea, anaangalia nani atakimbia. Anayekimbia ndo anafukuzwa. Elki mkubwa akisimama mara nyingi anaachwa, na ng'ombe jike mzima akisimama na wenzake wakageuza vichwa nje, ni hatari, ana pembe na kwato na hasira. Lakini ng'ombe wa huku kwa miaka 70 wamechaguliwa kwa nyama na upole, na ndama analazwa kichakani mama anakwenda kunywa maji kilomita moja. Kwa hiyo kila jioni nawakusanya, nawalaza sehemu ya wazi karibu na hema, asubuhi nawafungulia njia ya malisho. Wiki tatu za kwanza ilikuwa tabu tupu, walikuwa wanatoroka kama maji kwenye vidole. Baada ya hapo kuna majike wazee kumi na tano hivi waliielewa, jioni wakawa wanakuja wenyewe, na wengine wakawafuata. Mzee alipopanda mwisho wa Julai akawakuta wamelala wote pamoja kabla giza halijaingia alikaa juu ya farasi wake muda mrefu anawaangalia.

Mizoga tunaitoa. Hilo sitalirudia tena kosa lake. Bonde la Blackfoot wameanza tangu 2003, gari linapita kwenye ranchi linachukua mizoga ya msimu wa kuzaa bure, wanakwenda kuigeuza mboji, na walianza kwa ajili ya dubu. Sisi kule juu gari halifiki, kwa hiyo ikitokea nahamisha ng'ombe mbali na mzoga, upande mwingine wa mlima kama inawezekana, siku hiyohiyo.

Na ninasoma ng'ombe. Wakibanana kwenye kona ya uzio mchana bila sababu, wakianza kumvamia mbwa wangu wa kazi ambaye jana hawakumjali, jike mwenye kiwele kilichojaa, hizo ni habari. Nafika mapema, nikikuta nyayo mpya nakaa pale usiku, nawasha moto, napiga honi, mara moja nimefyatua hewani. Kuanzia Agosti sishuki kabisa, manake watoto wao waliozaliwa Aprili wameshakuwa wakubwa, kundi zima lina njaa na limetoka pangoni linazunguka.

Kiangazi cha pili tulikosa ndama watano. Cha tatu wanne. Kundi lilikuwepo bonde lilelile miaka yote miwili, nimelisikia usiku zaidi ya mara kumi, na kuna asubuhi nimewaona sita wakipita upande wa pili wa korongo, wakasimama, wakanitazama, wakaendelea. Sisemi ni mimi tu, elki pia walikuwa wengi miaka hiyo. Nasema tulivyovuna.

Sasa pesa. Mshahara wangu wa miezi minne, farasi, chakula na redio ni zaidi ya bei ya ndama saba wanaookolewa. Mfugaji akipiga hesabu yake peke yake, ni afadhali apoteze ndama. Hapa ndo ninapokasirika. Tuna mfumo unaolipa mzoga haraka kuliko unavyolipa mchungaji. Tazama Colorado: 2020 wananchi walipiga kura kurudisha mbwa mwitu, ikapita kwa tofauti ndogo sana, kura nyingi za ndiyo zikiwa za mijini, na kaunti nyingi za ng'ombe za magharibi zikasema hapana. Wa kwanza 10 walitoka Oregon wakaachiliwa Desemba 2023, na kufikia Aprili 2024 ng'ombe walishaanza kuuawa kaunti ya Grand. Fidia ilikuwa tayari, mpaka dola 15,000 kwa mnyama mmoja, hakuna jimbo lenye ukarimu kama huo. Lakini programu ya jimbo ya wachungaji wa farasi ilianza 2025. Mnyama alitangulia, mchungaji akafuata mwaka na zaidi baadaye, na katikati hapo kundi la Copper Creek likawa limeshajifunza kula mifugo, likakamatwa, likahamishwa. Wale waliopiga kura ya ndiyo wanampenda mbwa mwitu kwa dhati, nawaamini. Basi wachangie mtu wa kulala na ng'ombe. Huo ndo upendo unaomsaidia, manake mbwa mwitu asiyeonja ndama hapigwi risasi na idara ya wanyamapori.

Bodi ya Montana inatoa pia ruzuku za kuzuia hasara, na sisi tuliunganisha ranchi tatu za jirani tukaomba pamoja, mchungaji mmoja mlima mmoja, kila ranchi inachangia kidogo. Mwaka jana tulipata sehemu. Mwaka huu tumeomba watu wawili, mimi na kijana mmoja wa huku ambaye babu yake alikuwa mchungaji wa kondoo na anajua kulala nje. Fomu tulituma Januari. Ng'ombe wanapanda Juni 10. Mpaka naandika hii jibu halijaja, na juzi mzee amenunua hema la pili.